Chambo wa Pili: Uchambuzi wa Kisa cha Holly Martins na Harry Lime

Mtu anafika mji wa ugenini kwa mwaliko wa rafiki yake kipenzi wa tangu shuleni, anakuta rafiki amekufa na mazishi ni siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye anajua kwamba rafiki hajafa, na kwamba alikuwa akiuza dawa iliyochakachuliwa, dawa iliyoua watoto. Polisi wanamwomba amwite rafiki huyo mkahawani ili wamkamate. Anakataa. Halafu anakubali. Halafu anajitoa. Halafu anakubali tena, na mwishowe yeye mwenyewe ndiye anayefyatua risasi.

Hiyo ndiyo The Third Man, filamu ya Uingereza ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Carol Reed kwa muswada wa Graham Greene. Joseph Cotten anaigiza Holly Martins, mwandishi wa Kimarekani wa riwaya za bei nafuu za wachunga ng'ombe. Orson Welles ni rafiki yake, Harry Lime. Alida Valli ni Anna Schmidt, mpenzi wa Harry, na Trevor Howard ni Meja Calloway wa polisi wa jeshi la Uingereza.

Wengi wanaoichambua huuliza kama Martins alimsaliti rafiki yake. Alimsaliti, hilo halina ubishi. Linalostahili kuchunguzwa ni kwamba alisema ndiyo mara mbili, na ndiyo hizo mbili hazifanani hata chembe. Ya kwanza ilikuwa na bei. Ya pili haikuwa nayo. Asiyezitenganisha ataimaliza filamu akimwona Martins kama kigeugeu na Anna kama mkaidi, na yote mawili ni makosa.

Kosa lenyewe, kwa vipimo

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Vienna, mji mkuu wa Austria ambako kisa kinatokea, iligawanywa kati ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Kila jeshi lilikuwa na eneo lake, na katikati ya mji palilindwa kwa pamoja, doria moja ikibeba askari wa mataifa yote manne. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1955. Kwa kisa hiki maana yake ni moja: Harry amejificha eneo la Warusi, na Calloway hawezi kwenda kumkamata huko. Hawezi kumfuata, kwa hiyo lazima amvute. Bila mpaka huo chambo kisingehitajika.

Biashara ya Harry ni penisilini. Iligunduliwa mwaka 1928, lakini viwanda viliweza kuitengeneza kwa wingi katika miaka ya mwisho ya vita tu, na kwanza ilikwenda kwa majeshi. Ndani ya filamu inapatikana katika hospitali za jeshi peke yake. Kundi la Harry linaiiba humo, linaichanganya ili iongezeke, kisha linaiuza kwa magendo.

Hapa watazamaji wengi hupita haraka, wakidhani dawa iliyochanganywa ni dawa dhaifu basi, kama chai iliyozidishwa maji. Sivyo. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao zinapozaliana, na ili ifanye kazi hiyo kiwango chake mwilini lazima kibaki juu kwa saa nyingi mfululizo. Figo huitoa upesi mno: ndani ya nusu saa hivi nusu ya iliyomo kwenye damu imekwisha kutoka. Ndiyo maana madaktari wa miaka ya 1940 waliidunga kila baada ya saa 3 au 4, usiku na mchana. Kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo mambo ni magumu zaidi, kwa sababu dawa hupenya kwa shida kuufikia ubongo hata kama dozi ni kamili.

Sasa tuseme chupa ya uniti 100,000 imegeuzwa kuwa chupa nne. Daktari anadunga akiamini ametoa 100,000, kumbe ametoa 25,000. Ndani ya saa chache kinachobaki hakitoshi hata kuwabughudhi bakteria. Na kwa kuwa kwenye karatasi mtoto anatibiwa, hakuna anayetafuta njia nyingine. Kinachoibwa hapo ni siku mbili tatu ambazo mtoto angeweza kuokolewa. Wanaopona kwa bahati hubaki na uziwi, kifafa, au akili iliyoharibika. Calloway analisema hili bila kupaza sauti: waliokufa ndio waliokuwa na nafuu.

Ukishika hesabu hiyo, mazungumzo yote yanayofuata baina ya marafiki hawa wawili yanabeba uzito mwingine.

Jinsi imani ilivyobomoka

Martins anafika akiwa hana pesa. Harry amemwahidi kazi. Waswahili tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa kipimo hicho Harry amefaulu. Calloway anapomwambia kwamba marehemu alikuwa mlanguzi, Martins anajaribu kumpiga ngumi. Sajenti Paine anamwahi kwa ngumi yake, kisha anamwinua kwa upole, kwa sababu ni msomaji wa riwaya zake.

Kanuni ya Martins wakati huo ni ya riwaya anazoziandika: rafiki ameuawa, askari ni adui, mimi nitamsafishia jina. Kinachoivunja ni vitu vidogo visivyolingana. Waliokuwepo wakati wa ajali ni Kurtz na Popescu, marafiki wa marehemu. Daktari aliyetokea ni Winkel, daktari wake mwenyewe. Dereva aliyemgonga ni dereva wake mwenyewe. Hakuna mgeni hata mmoja. Kurtz anadai Harry alisema maneno kabla ya kukata roho, bawabu wa jengo anasema alikufa papo hapo. Kurtz anasema waliobeba mwili ni wawili, bawabu aliona watatu. Kabla bawabu hajaongeza neno, anauawa.

Ndipo Calloway anamkalisha kizani ofisini na kumwonyesha picha, alama za vidole na nyaraka. Tazama Reed anavyoianza: Paine anaweka slaidi isiyo yake, na ukutani anatokea mnyama kifaru. Sekunde mbili za kicheko, kisha ushahidi unaanza kumwagika. Humsikii Calloway akihutubia, unauona uso wa Martins ukizeeka. Anatoka ameamini.

Lakini kuamini hakumfanyi amtoe Harry. Kwanza bado anadhani amekufa. Hata baada ya kumwona kwa macho yake usiku ule, amesimama mlangoni kwenye kiza, paka wa Anna akijilaza juu ya viatu vyake, mwanga wa dirisha ukimmulika uso kwa ghafla, Martins hajawa upande wa sheria. Ushahidi ulimwondolea imani, haukumwondolea rafiki.

Kaburi linafukuliwa. Ndani kuna mwili wa Joseph Harbin, mhudumu wa hospitali aliyekuwa akiiba dawa kwa niaba ya kundi. Kuna maneno ya Calloway, aliyoyasema mapema ofisini wakati wa slaidi, ambayo wachambuzi wengi huyaruka, nayo ni muhimu kuliko yanavyosikika. Harbin aliwahi kubanwa na polisi akawa anawapa habari, na habari zake ndizo zilizowafikisha kwa Kurtz na Lime. Hawakuwakamata upesi kwa kuwa walitaka ushahidi ukamilike. Katika kusubiri huko Harbin akatoweka. Kwa maneno mengine, Calloway alikwisha kutumia chambo mara moja, na chambo hicho kilikuwa chini ya udongo, ndani ya jeneza lenye jina la mtu mwingine. Martins anapoombwa kwenda kukaa mkahawani, yeye ni wa pili. Hilo halisemwi tena. Mtazamaji anatakiwa alibebe mwenyewe.

Juu ya gurudumu

Gurudumu kubwa la kupandia watu katika bustani ya burudani ya Prater, Vienna, lilijengwa mwaka 1897 na kimo chake kinakaribia mita 65. Marafiki hawa wanakutana chini yake, wanaingia kibanda kimoja, na Harry anaeleza kanuni yake. Anamwonyesha watu walio chini wakionekana kama nukta, na kumuuliza kama kweli angeumia nukta moja ikikoma kusogea, ikiwa kwa kila nukta angelipwa pauni 20,000 zisizokatwa kodi. Anaongeza kwamba serikali nazo huhesabu watu hivyo hivyo.

Hoja hiyo ina nguvu, na uchambuzi unaoidharau haujaisikiliza. Ulaya ilikuwa imetoka kwenye vita ambamo miji iliteketezwa kwa hesabu za namna hiyo. Martins hana jibu; alichokuwa nacho ni swali alilouliza kabla ya hoja hiyo, kama Harry amewahi kumwona hata mmoja wa watu aliowadhuru. Linasikika kama swali la mnyonge, lakini ndilo litakaloamua kisa kizima baadaye.

Hoja za Harry zinavutia sikio, ila jambo lenyewe liko kwenye mikono yake. Anameza vidonge vya tumbo huku akilalamika kwamba ndivyo vya mwisho na havipatikani tena popote Ulaya. Mtu aliyewafanya wengine wakose dawa ananung'unikia kidonge cha kiungulia. Kisha anafungua mlango wa kibanda kikiwa juu kabisa, na kumdokeza rafiki yake kwamba akianguka kutoka pale hakuna atakayetafuta tundu la risasi. Mkono wa Martins unashika nguzo. Anasema kaburi limefukuliwa na Harbin amepatikana. Papo hapo Harry anarudi kuwa mchangamfu, maana kumuua shahidi wa siri iliyokwisha kuvuja hakuna faida. Urafiki wake unafuata hesabu ile ile ya nukta. Halafu kwa kidole anaandika jina la Anna kwenye kioo chenye ukungu na kuuchora moyo, dakika chache tu baada ya kudhihirika kwamba yeye ndiye aliyemchongea Anna kwa Warusi ili wamwache akae kwao.

Wanaomsifu Harry kwa haiba yake wasiikose picha hiyo ya kioo. Ni mapenzi ya kweli, nadhani, na hayamgharimu chochote.

Ndiyo ya kwanza

Anna ana hati bandia, aliyotengenezewa na Harry. Warusi wanamdai kama raia wa Czechoslovakia anayepaswa kukabidhiwa kwao. Calloway anajua Martins ameanza kumpenda. Ombi lake la kwanza linakataliwa. Kisha Martins mwenyewe anauliza angepewa nini, na anataka Anna awekwe kwenye treni, aondoke salama. Mapatano yanafungwa: Harry kwa Anna.

Kwa juu juu ni mapatano ya heshima. Mwenye hatia anatolewa, asiye na hatia anaokolewa, na Martins hachukui senti. Kasoro yake inaonekana kituoni. Anna anamwona amejificha kwenye mgahawa wa kituo, anamhoji, anaelewa. Anakataa kuondoka, na treni inamwacha.

Kwa nini anakataa usalama? Kanuni yake ameshaieleza mapema: mtu hageuki kuwa mwingine kwa sababu wewe umejua mengi zaidi juu yake. Anna hamtetei Harry. Anayajua ya penisilini, Calloway amemwambia. Hataki kumwona tena, na wakati huo huo hayuko tayari kufanywa malipo ya kifo chake. Wapo wanaoandika kwamba amepofushwa na mapenzi. Mimi naona yeye peke yake katika kisa hiki ndiye anayeona wazi kilichotendeka kituoni: amekuwa bei bila kuulizwa. Harry alimuuza kwa Warusi apate kinga, na Martins amemnunua kwa Waingereza apate kutulia moyoni. Nia zinatofautiana kama usiku na mchana, lakini mwanamke amegeuzwa bidhaa mara mbili ndani ya siku chache.

Martins analielewa hilo kiasi cha kuaibika. Anakwenda kwa Calloway, anajitoa, anaomba ndege. Watu huiita hatua hii udhaifu. Kwangu ndiyo hatua safi ya kwanza anayoichukua, kwa sababu bila malipo hana sababu ya kwake ya kumtoa Harry, na amekuwa mkweli kukiri.

Ndiyo ya pili

Njiani kwenda uwanja wa ndege Calloway anaomba wapite mahali kwa dakika chache. Ni hospitali ya watoto. Wodini kuna waliodungwa dawa ya Harry.

Reed haonyeshi uso wa mtoto hata mmoja. Tunaona vitanda, wauguzi, na Martins akiinama kutazama kisha akihama kitanda. Calloway hasemi hesabu wala hotuba. Kuna kidoli cha dubu kinachodondoshwa kichwa chini ndani ya sanduku, na kamera inakaa hapo muda mfupi. Mwenye kitanda hatakihitaji tena. Hicho tu.

Waongozaji wengi hukosea hapa. Wangeleta kilio cha mtoto, muziki ukapanda, mtazamaji akaamriwa kulia. Reed anakata picha ya mgonjwa, nasi tunalazimika kumsoma Martins. Swali alilomuuliza Harry juu ya gurudumu sasa limemrudia yeye, maana hata yeye hakuwa amewaona. Picha za ofisini zilimpa maarifa, wodi imempa watu. Nukta zimekuwa na vitanda.

Wakirudi garini Calloway anaanza kuzungumzia riwaya moja ya Martins anayoisoma. Hamsukumi. Martins anakubali kabla hajaombwa. Hapana treni, hapana Anna, hapana anachopata.

Hata hivyo Calloway si mtakatifu. Alipanga kupita pale. Amemsoma Martins kama mvuvi anavyosoma maji, akajua ushahidi umeshindwa, mapatano yamevunjika, basi amebakiza macho. Anafanya hivyo huku Harbin akiwa ameshakufa kwa sababu ya subira yake. Kanuni ya Calloway ni kwamba waliolala wodini wana haki juu ya kila mtu aliye hai na anayeweza kusaidia, akiwemo rafiki wa mhalifu. Naikubali kanuni hiyo, na nakubali pia kwamba inakula watu.

Mtaroni

Mkahawani Anna anafika na kumsuta Martins usoni, na Harry anapoingia kwa mlango wa nyuma ni Anna anayempigia kelele akimbie. Anakimbilia mifereji ya majitaka iliyo chini ya mji, inayopita chini ya maeneo yote manne. Paine, yule msomaji wa riwaya, anapomwonya Martins arudi nyuma, anapigwa risasi na Harry na kufa. Calloway anamjeruhi Harry, ambaye anajikokota ngazini na kupenyeza vidole kwenye wavu wa chuma barabarani. Vidole vile vinavyoonekana kwa juu ni vya Carol Reed mwenyewe.

Zingatia mpangilio wa ruhusa. Calloway anamwambia Martins akimwona Harry asisite kupiga. Sheria imesharuhusu. Martins anamkuta Harry chini ya wavu, amekwama, hana pa kwenda, naye bado hapigi. Harry anamtazama na kutikisa kichwa taratibu kukubali. Ndipo tunausikia mlio, tukiwa mbali nao. Ruhusa ya sheria haikutosha kumfanya afyatue, akasubiri ya rafiki. Kwa hiyo kusema kwamba mwishoni haki imeushinda urafiki si sahihi kwa kipimo cha tukio lenyewe. Ndani ya ile sekunde vimekutana: serikali inataka afe, na Harry anataka asiachwe aoze jela au anyongwe. Risasi moja imejibu maombi mawili.

Kwenye mazishi Martins anashuka kwenye gari la Calloway na kumsubiri Anna kando ya barabara ya makaburi. Anna anakuja kutoka mbali, kamera haijongei, majani yanadondoka, na kwa zaidi ya dakika moja tunamngoja kama Martins anavyongoja. Anapita bila kugeuza shingo. Greene alitaka waondoke pamoja, Reed akakataa, na baadaye Greene alikiri kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi. Alikuwa sahihi kwa sababu Anna kushika mkono wa Martins kungemaanisha kwamba mapatano ya kituoni yametimia kwa njia ya kuzunguka, bei ikalipwa mwishoni.

Anayetaka kuichambua filamu hii ahakikishe ni toleo lipi analotazama. Lile la Uingereza lina dakika 104, na sauti ya utangulizi ni ya Reed, msimuliaji asiyejulikana anayezungumzia magendo kwa mazoea. Lile lililotolewa Marekani lilipunguzwa dakika 11, na utangulizi akapewa Cotten, kwa hiyo Holly anajisimulia mwenyewe. Katika la pili tayari unasikia mtu aliyekwisha kupatana na alilolitenda. Tazama la kwanza.

Na ukifika kwenye mazishi yale ya mwisho, kumbuka kwamba ni ya pili. Yote mawili yanaitwa ya Harry Lime. Katika yale ya kwanza aliyefukiwa udongo ni Harbin, kasisi akimwombea kwa jina la aliyemponza, na baada ya kufukuliwa filamu haituonyeshi kama kuna mtu yeyote aliyemzika tena.